Hema juu ya jabali la Bugarika

Mwezi Mei mwaka 2016, mapacha wetu Kulwa na Doto walipokuwa na umri wa miaka minane na mdogo wao Shija akiwa na minne, niliahidi mbele ya mama yangu mzazi kwamba likizo ya Juni familia nzima ingelala mlimani ndani ya hema. Ahadi yenyewe ilitokana na hema kuliko mlima. Mwalimu mwenzetu aliyepata uhamisho alikuwa akiuza vitu vyake, nami nikalichukua kwa makubaliano ya kulipa mwisho wa mwezi: hema la kijani la watu wanne, mfuko wa vigingi 12, na zipu moja ya mlangoni iliyokuwa na tabia ya kukwama katikati. Nilikuwa nikifundisha jiografia katika sekondari moja ya jijini Mwanza, na kwa miaka mingi nilikuwa nimechora ubaoni kontua za milima ambayo sikuwahi kulala juu yake hata usiku mmoja.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, akaweka chini ungo wa mchele. "Watu wanahangaika watafute bati wasilale nje," alisema. "Ninyi mna bati, mnatafuta nje."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali, ingawa nilijifanya kuwa suala liko wazi kwa wote. Nilitaka Ngorongoro, katika kambi ya Simba iliyoko kwenye ukingo wa kreta, kwa kuwa ndiko ambako mtu wa Mwanza anafika kwa kupita Lamadi na lango la Ndabaka, akaivuka Serengeti na kufungua macho asubuhi juu ya shimo lenye kina cha mita 600 hivi. Mapacha walitaka Kilimanjaro, wala hawakuwa tayari kusikia jina la mlima mwingine. Mke wangu, ambaye ni karani wa mahakama na alisomea kazi hiyo katika chuo cha mahakama kilichoko Lushoto, alitaja milima ya Usambara mara moja tu, akasema kuna ukungu, kuna pichesi na plamu zinazouzwa kandokando ya barabara, kisha akanyamaza. Nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba akitaja jambo mara moja akanyamaza, huwa hajalifuta.

Kilimanjaro iliondoka mapema. Niliwaeleza mapacha kwamba watoto wasiotimiza miaka 10 hawaruhusiwi kuelekea kileleni, na kwamba njia ya Marangu niliyokuwa nikiifikiria, ambayo kituo chake cha kwanza cha Mandara kiko kwenye mita 2,700 hivi, watu hulala katika vibanda vya mbao na si katika mahema. Doto aliuliza kama tungeweza kumdanganya askari wa getini. Kulwa akasema askari angeona meno. Hapo mjadala wao ukaisha, wakahamia upande wangu, kwa kuwa Ngorongoro angalau kulikuwa na simba.

Basi ikawa ni Ngorongoro dhidi ya Lushoto, na mimi nilikuwa na kura tatu. Mke wangu hakupinga. Aliomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kulipia chochote tulale usiku mmoja katika lile hema, hapa hapa nyumbani, tuone. Nilipendekeza ufukwe wa Luchelele, ambako kuna upepo mzuri na mchanga unaokubali kigingi, lakini Mama alinikumbusha kwamba viboko nao wanaupenda ufukwe huo usiku. Tukaamua kulala juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yetu.

Anayeijua Bugarika anajua nyumba zetu zilivyokaa: zimening'inia mlimani katikati ya mawe makubwa, moja ikichungulia bati la nyingine, na ngazi za kupandia zimechongwa au kujengwa kwa saruji pale ambapo mwamba ulikubali. Jabali letu ni la graniti, pana kiasi cha kuanikia dagaa wa magunia mawili, limeinama kidogo upande wa ziwa na kukatika ghafla mwishoni. Mimi ambaye huwafundisha wanafunzi kwamba graniti ni miongoni mwa miamba migumu kuliko yote, nilipiga nyundo kigingi cha kwanza kikapinda kama uma wa kulia wali. Nilipinda vitatu kabla ya kukubali kufunga kamba kwenye mawe, na hata hivyo kila upepo ulipovuma kutoka ziwani hema liliegemea upande mmoja na kutoa sauti ya shuka linalokung'utwa.

Mwanzo wa usiku ulikuwa mzuri, sitaki kusema vinginevyo. Hakukuwa na mwezi, na kwenye kipande cha ziwa tunachokiona kati ya paa mbili, taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga. Tulikula sangara wa kukaanga kwa ugali tukiwa tumekaa mlangoni mwa hema, vilivyobaki tukavifunika kwa sufuria na kuviacha nje.

Saa tano hivi kitu kilianza kuhema upande wa pili wa kitambaa, karibu na kichwa cha Doto. Kilinusa, kikanyamaza, kikanusa tena, na kitambaa kikaingia ndani kidogo pale pua yake ilipogusa. Doto alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Baba," alinong'ona, "ni tembo?" Kisha tukasikia sufuria ikianguka na kubingirika mteremkoni hadi kwa jirani. Alikuwa mbwa, na sangara alikwenda naye. Nililala chali nikimkumbuka mwalimu mwenzangu aliyewahi kupiga kambi pale Simba, aliyenieleza kwa furaha kubwa kwamba kambi haina uzio, kwamba ngiri hupita kati ya mahema na kwamba tembo huja kunywa maji kwenye tangi. Alikuwa amekwenda na vijana wa chuo.

Saa saba Shija aliomba kwenda chooni. Zipu ilikwama pale pale inapokwamaga. Nilivuta juu, nikavuta chini, nikamwangazia mke wangu tochi naye avute, na tulipofanikiwa kufungua nafasi ya kupitisha kichwa, haja ilikuwa imekwisha kutoka na blanketi moja likawa limeloa. Tulibaki na mawili. Kufikia saa tisa baridi ilikuwa imeingia kutoka chini, kutoka kwenye mwamba wenyewe, na matone yalikuwa yakitudondokea kutoka juu ingawa hapakuwa na mvua: ilikuwa ni pumzi yetu wenyewe, watu watano, iliyogandamana kwenye kitambaa. Nilianza kupiga hesabu ninayoiandika ubaoni kila mwaka. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ziwa letu liko kwenye mita 1,134; ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200. Kama hapa meno yalikuwa yakigongana, kule mwezi Juni ilikuwa ni kuongeza nyuzi saba za baridi juu ya hii. Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi, tofauti ilikuwa ndogo. Hesabu hiyo sikumwambia mtu.

Sijui nililala saa ngapi. Najua kilichoniamsha: upepo uliokuwa ukiingia kupitia ile nafasi ya zipu tuliyoshindwa kuifunga, na nafasi tupu kati yangu na Kulwa. Nilitoka kwa magoti. Shija alikuwa amesimama kwenye mwisho wa jabali, fulana yake ikipepea, akitazama taa za ziwani, na mbele ya vidole vyake vya miguu hapakuwa na kitu.

Sikumwita. Nilitembea bila viatu, taratibu, nikamshika kwapani. "Naenda chooni," aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa. Choo kilikuwa nyuma yetu, chini ya ngazi.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni mwa hema, tochi mkononi, haikuwashwa. Hakusema neno hadi asubuhi, tulipokuwa tukinywa chai jikoni kwa Mama.

"Baba Kulwa," alisema, "ile kreta ina kina gani?"

"Mita mia sita."

"Na jabali letu?"

"Tatu."

Ningeweza kumweleza kwamba kambi ya Simba haiko mdomoni mwa shimo, kwamba ni uwanja mpana wa nyasi wenye mti mkubwa katikati. Ni kweli, na nilikuwa nimeona picha. Lakini Lushoto nako kuna genge la Irente, linaloporomoka kuelekea uwanda wa Mombo, na yeye ndiye aliyelitaja kabla yangu, akachukua simu na kumtafuta mwanafunzi mwenzake wa zamani aliyebaki kule, akapewa namba ya mtu anayetunza kiwanja cha mahema ndani ya shamba. Aliweka simu mezani, sauti ikiwa juu, akauliza kama wanavyouliza mahakamani, swali moja baada ya jingine. Genge liko umbali gani? Ni mwendo wa kutembea, halionekani kutoka hapa. Uzio? Wa miti, umefungana. Nani analala hapo usiku? Mimi mwenyewe. Ardhi inakubali kigingi? Yule bwana alicheka, akasema ardhi yao inakubali hata mwiko.

"Na kutoka hema hadi choo ni hatua ngapi?"

Kimya kidogo. "Nisubiri, mama." Tulisikia kandambili zikitembea juu ya changarawe, mlango ukilia, kisha kandambili zikirudi. "Thelathini na mbili," alisema. "Lakini mimi ni mrefu."

Mama yangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote bila kuchangia, aliinuka, akatoka na kipande cha mshumaa kutoka kabatini, akanipa. "Paka zipu," alisema.

Tulikwenda Lushoto. Ni safari ya siku mbili kutoka Mwanza, kwa basi hadi Arusha, kisha Moshi na Mombo, na kona za kutoka Mombo kupanda juu Kulwa alizitapikia karibu zote, sitarefusha. Tulifika jioni ya siku ya pili, ukungu ukiwa umeshuka kama mke wangu alivyosema. Kabla sijafungua mfuko wa hema, Shija alitaka aonyeshwe choo. Wakati huo alijua kuhesabu hadi ishirini tu, kwa hiyo alifika ishirini akaanza upya, akafika ishirini akaanza upya, na alipogusa mlango alikuwa kwenye kumi na nne.

Usiku aliamka mara moja, akanitikisa bega. Zipu ilipita moja kwa moja hadi chini bila kusita, tukatoka, tukaanza moja.