Ijumaa ya Wiki ya Nne

Nilimkuta Baba amekaa ukingoni mwa kitanda, kanzu ameshavaa, kofia ipo mapajani. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa wiki ile, kwa hiyo alikuwa akituandikia kwenye daftari. Akanisogezea: “Leo sichomwi. Naenda Ijumaa. Mashine Jumatatu.”

Ilikuwa mwaka 2019, nyumbani kwa shangazi, Tandika. Baba alikuwa akitibiwa saratani ya koo, na siku hiyo ilikuwa zamu ya mionzi ya 20 kati ya 35.

Baba ni fundi wa majahazi wa Bagamoyo, na alivuta sigara tangu ujana. Sauti ilipoanza kukwaruza, zahanati moja ilimpa antibiotiki za koo kwa miezi minane, duru baada ya duru, na hakuna aliyewahi kumchungulia ndani. Hilo linaniuma hadi leo. Mtu mzima akikwaruza zaidi ya wiki tatu, koo lake litazamwe kwa kamera, basi. Tulipofika Ocean Road, hospitali ya saratani, tulielezwa njia mbili: kutoa kisanduku cha sauti chote kwa upasuaji, au mionzi pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, ili kisanduku kibaki. Baba alikuwa akiadhini msikiti wa mtaani kwetu. Hakufikiri mara mbili.

Mionzi ilikuwa Grei 2 (Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba, jumla Grei 70. Dripu zilikuwa tatu: siku ya 1, ya 22 na ya 43. Daktari alisema dawa ile huzizuia seli za saratani zisijitengeneze baada ya mionzi kuziumiza, ndiyo maana viwili hivi huenda pamoja. Alisema pia kwamba maumivu nayo yatazidi. Hakutuficha, na ninamshukuru kwa hilo.

Dripu ya pili ilikuwa Jumatatu ya wiki ileile. Tangu siku hiyo Baba alitapika hata maji, nasi tulikuwa tukimbembeleza anywe kikombe baada ya kikombe ili figo zisiharibike. Mdomo ulijaa vidonda vyeupe, mate yamekuwa mazito kama ute wa bamia, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na kubanduka. Uji alisema unaonja kama chuma. Meno manne yalishang'olewa kabla hatujaanza, maana taya lililopata mionzi haliponi vizuri. Sikuwa na uso wa kumwambia avumilie.

Nikampigia sista wa kliniki, nikaweka spika.

“Shikamoo mzee wangu,” alisema. “Nisikilize. Hizi seli zikishapigwa wiki tatu, nne, zinazobaki huanza kuzaliana haraka kuliko mwanzo. Ukizipa siku moja, zinaichukua. Zamu yako si saa saba? Njoo saa tatu, nitaongea na wenzangu wa mashine. Saa sita na nusu uwe msikitini.”

Baba alikaa kimya, akipitisha kidole gumba kwenye pindo la kofia. Kisha akaandika: “Ita bajaji.”

Tulipita Barack Obama Drive, bahari mkono mmoja, meli zimetia nanga zikingoja kuingia bandarini. Baba alizitazama zote, kama kawaida yake. Hospitalini wakamlaza, wakamfunika kile kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichofinyangwa usoni mwake kikiwa laini cha moto, wakakibana mezani kisitikisike. Mlango mzito ukafungwa. Mimi nilibaki nje na viatu vyake. Kujiandaa ndiko huchukua muda; mionzi yenyewe ni dakika chache.

Sista alitimiza ahadi. Adhana ilipoanza tulikuwa tumeshafika, na Baba alisimama mlangoni mpaka ikaisha, midomo ikicheza, akimwitikia mwadhini bila sauti. Kisha akaingia.

Nilimngoja kivulini na chupa ya maji na chupa ya uji. Alipotoka, watu walikuwa wakimpa mkono, naye aliwajibu kwa kuweka kiganja kifuani. Alama za kinyago zilikuwa bado kwenye paji la uso, vijiraba vidogo vidogo kama vya jarife, vimepita juu ya ile sugu ya sijida. Akanyoosha mkono kuomba maji. Akameza funda moja, akafumba macho, likashuka. Akaomba la pili.