"Yeye" mmoja, maneno manne

Mwaka wangu wa kwanza Manchester nilifanya kazi ya kutunza wazee. Asubuhi moja, nikikabidhi zamu, nilitaja babu na bibi waliolala vyumba vya jirani, kisha nikasema: "She refused the tablets." Aliyekataa dawa alikuwa babu. Muuguzi akaenda kwa bibi, ambaye alikwishameza zake, akambembeleza ameze tena. Bibi akakataa katakata, nashukuru Mungu. Siku ile nilirudi nyumbani natetemeka.

Kwetu "alikataa" inatosha. Kiingereza kinakudai mawili kwa mpigo: ni mwanamume au mwanamke, na je, ndiye anayetenda au anayetendwa? "Yeye" wetu mmoja anagawanyika kuwa he, him, she na her.

Darasani tulipewa jedwali tukalikariri, na kazini likayeyuka. Kilichonisaidia ni Kiswahili chenyewe. Tazama "nilimwita". Kilichotangulia -li- ni mtenda: ni-, yaani I. Kilichofuata -li- ni mtendwa: -mw-, yaani him au her. I called him. Sasa geuza: "aliniita". A- iko mbele, ni he au she. -Ni- iko baada ya -li-, ni me. He called me. Vivyo hivyo "tuliwaona" ni we saw them, na "walituona" ni they saw us. Anayesema lugha yetu haina mambo haya hajaitazama vizuri: a- ikitendwa huwa -m-, u- huwa -ku-. Tunayafanya tangu utotoni, ila ndani ya kitenzi.

Panapotuponza ni "mimi", kwa kuwa haibadiliki popote ilipo. Ndiyo maana wengi wetu husema "Me, I am coming", tukifuata "mimi ninakuja". Sema I am coming, basi. Na baada ya with, for au to hakuna kiambishi cha kukuongoza. Hapo weka me, him, her, us, them: come with me, this is for him.

Her bado inanisumbua, maana ni "yeye" anayetendwa na pia ni "-ake": I gave her her tea, nilimpa chai yake.

Kwenye dawa, hata leo, situmii he wala she. Nataja jina la mzee, kila sentensi, hata nikirudia mara tano.