Nani Atamjibu Daudi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni 1 Samweli 25:1–38. Tafadhali lisome lote kwanza, na usiuruke mstari wa kwanza kama wengi wetu tunavyofanya.

Kisa chenyewe tunakijua. Nabali, tajiri mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, anakata manyoya ya kondoo wake huko Karmeli. Vijana wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wake nyikani, hivyo Daudi anatuma vijana 10 kuomba chochote cha sikukuu. Nabali anawafukuza kwa dharau: huyo Daudi ni nani, na mwana wa Yese ni nani? Daudi anaposikia anaamuru watu wajifunge panga. Anashuka na watu 400, akiapa kwamba kufikia asubuhi hatabaki mwanamume hata mmoja katika nyumba ile.

Sasa rudi sura moja nyuma. Mtu huyohuyo yuko pangoni Engedi, na Sauli anayemwinda ameingia mlemle, hana habari. Daudi anamwacha hai. Imekuwaje aliyejizuia mbele ya mfalme aliyetaka kumuua ashindwe kujizuia mbele ya mfugaji mwenye mdomo mchafu? Katikati ya visa hivyo viwili kuna ule mstari wa kwanza: Samweli amekufa, amezikwa Rama. Mzee aliyemtia mafuta, aliyejua kabla ya wengine kwamba kijana huyu wa Yese ataketi kwenye kiti cha enzi, hayupo tena. Maandiko hayasemi kwamba msiba ndio uliomwasha Daudi, nami siyalazimishi yaseme. Ila namwona mtu aliyefiwa, mkimbizi, ana watu 600 wa kulisha, na katika hali hiyo anaulizwa, “Wewe ni nani?”

Chuoni magomvi mengi yako hivyo. Mtu anawaka kwa sababu ya ndoo ya maji iliyotumika bila ruhusa, chumba kizima kinanuna wiki mbili, na kila mmoja anaamini ugomvi ni wa ndoo. Kumbe bumu, fedha ya mkopo wa masomo, halijaingia na wenzake wameshasaini. Au ana sapu mbili, mitihani ya kurudia, na hajathubutu kuwaambia nyumbani. Au amekosa chumba, anabebwa na rafiki, wanalala kitanda kimoja, na anajiona mzigo. Kwenye kazi ya kikundi ni hivyohivyo: mwenzetu hakuandika sehemu yake, tunalitoa jina lake kwenye kava ya kazi saa sita usiku, kesho yake anakuta tumeshakusanya. Hakuna aliyempigia simu. “Mashauri ya moyoni mwa mtu ni kama maji ya kilindi, lakini mtu wa ufahamu atayateka,” inasema Mithali 20:5. Sisi mara nyingi hata kamba hatujashusha.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya kile ambacho leo tunakiita akili hisia: uwezo wa kutambua hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza mawazo na matendo. Wanaosoma saikolojia na ualimu watalikuta darasani. Lakini angalia Abigaili, mke wa Nabali, alivyolitenda zamani zile.

Kwanza, mtumishi mmoja alimwendea yeye. Kuhusu Nabali alisema hakuna awezaye kuzungumza naye. Hicho ni kipimo kigumu kuliko vyeti vya uongozi: jambo likiharibika chumbani au kwenye kwaya, watu wanakwenda kumwambia nani? Kuna viongozi wa ushirika wanaohubiri vizuri sana, na hakuna anayethubutu kuwaambia chochote.

Abigaili hakuanza na maneno. Alitanguliza chakula, mikate 200, kondoo 5 waliokwisha kuandaliwa na vingine vingi, kwa sababu watu wale walikuwa wameomba chakula. Kisha akashuka juu ya punda na kusema. Hakumwambia Daudi kwamba hasira ni dhambi. Hakumtetea Nabali wala kuficha upumbavu wake, na hili walisikie wanaodhani upole ni kuwafunikia wakorofi. Halafu akaligusa jeraha lenyewe. Nabali aliuliza Daudi ni nani. Abigaili akajibu: wewe unapigana vita vya BWANA, BWANA atakufanya mkuu juu ya Israeli, na siku hiyo usiwe na damu ya bure inayokusumbua moyoni. Alisikia swali lililomchoma mtu, akalijibu hilo, na upanga ukarudi kiunoni. Daudi naye, kwa sifa yake, alikubali kuzuiwa na akamhimidi Mungu kwa ajili ya busara ya mama huyu.

Jioni ile Abigaili alimkuta mumewe amelewa, hakumwambia neno mpaka asubuhi. Ujumbe unaotaka kutuma kwenye kundi la wasap saa sita na nusu usiku, mengine hata sisemi.

Hapa niseme jambo ambalo huenda litawaudhi baadhi. Sisi wa ushirika tumezoea kuzifunika hisia kwa lugha ya kiroho. Mwenzetu akihuzunika tunamwambia aongeze maombi, akikasirika tunakemea roho. Matokeo yake tunajifunza kuigiza. “Mimi nimemwachia Bwana,” anasema dada, na wiki ya tatu sasa hasalimiani na mwenzake wa sauti ya pili. Mathayo 18:15 haisemi umwachie Bwana. Inasema enenda, wewe na yeye peke yenu.

Lakini kuna upande mwingine. Absalomu, mwana wa Daudi, naye alijua kusoma mioyo. Katika 2 Samweli 15 anasimama langoni asubuhi, anawauliza watu wametoka mji gani, anawasikiliza, anawabusu, na hivyo anaiba mioyo ya Israeli. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaofika Oktoba wakiwa wapweke hukutana na akina Absalomu pia, wengine wakiwa na Biblia mkononi. Tofauti yake na Abigaili ni moja: Abigaili alimtakia mema mtu aliyekuwa mbele yake.

Kwa wiki hii, kabla ya ibada ya Jumatano, mtafute mtu mmoja uliyekwaruzana naye, mkae, mle chakula pamoja, umuulize hali yake, na umwache amalize kusema.

Tuombe. Bwana, ulimuuliza Kaini kwa nini uso wake umekunjamana kabla hajainua mkono. Utuulize na sisi, na utupe moyo wa kukujibu kweli. Uwakumbuke wale tuliowatoa kwenye kava na kwenye makundi yetu. Tupe ujasiri wa kuwapigia simu leo. Kwa jina la Yesu, Amina.