Kombi iliyolala: oili iwe tele, tumbo lisiguse lami

Jumamosi tuta la pili ukitoka Uyole kuelekea Igawilo, hapa Mbeya, limenikwangulia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Sikuwa na mwendo, nilikuwa gia ya kwanza, taratibu kabisa, ila nilipakia watu sita na gari likalala nyuma kuliko kawaida yake. Nikasikia mkwaruzo mmoja mrefu. Nilipochungulia chini, mapezi mawili ya ile sampu ya alumini yalikuwa yamenyolewa, na kwenye stadi moja (kijiti cha hesi kinachofungiwa nati) oili ilikuwa inajikusanya tone moja, inadondoka, inajikusanya tena.

Kombi yangu ni Volkswagen ya 1972, injini ya 1600 inayopozwa kwa upepo. Injini hii hubeba lita 2.5 tu za oili, na haina filta; ina chekeche la waya chini ya bodi ya injini, basi. Wenye injini kubwa za 1700 hadi 2000 wana lita 3.5 na filta kutoka kiwandani. Kwa hiyo mwaka jana nilifunga sampu ya ziada ya lita 1.5, nikafika lita 4, nikafurahi sana. Sampu hiyo inaning'inia sentimita 5 chini ya bodi. Na mimi nilishalishusha gari. Nilipopima likiwa tupu, kutoka lami hadi nati ya kutolea oili palikuwa na sentimita 9.5.

Jumatatu nikampelekea fundi mzee wa Mwanjelwa ambaye amezifungua injini hizi tangu ujana wake. Nilimpa shikamoo, akaitikia na "ugonile" yake, salamu ya Kinyakyusa, akaingia chini ya gari na tochi, akatoka anajifuta mikono.

"Mwanangu, umefunga ndoo chini ya gari, halafu gari lenyewe ukalishusha. Nani kakwambia oili lazima ikae chini?"

Swali hilo ndilo limeugeuza mradi. Sampu ya ziada nimeitoa. Oili ya nyongeza sasa inakaa kwenye filta na hosi, juu ya mstari wa chasisi, nyuma ya gurudumu la kushoto. Pampu ina mfuniko wenye tundu la kutokea: oili inatoka hapo, inapita kwenye filta, inarudi kwenye njia kuu ya oili ndani ya bodi. Njia ya zamani kutoka kwenye pampu inazibwa. Hosi nilibaniwa na wale wanaotengeneza hosi za haidroliki za malori. Kazi yao ni safi, na shinikizo la injini hii ni dogo sana kwa hosi hizo.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Tundu la kurudishia oili linatobolewa na kukatwa hesi kwenye njia inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye beringi za krenkishafti. Chenga moja ya chuma ikibaki humo, beringi imekwisha. Mimi nilikubali kwa sababu injini ilikuwa imeshafunguliwa nusu kwa nusu, tukaiosha kwa petroli na kupuliza kwa kompresa mara tatu, na mzee akapitisha kitambaa cheupe hadi kikatoka cheupe. Injini ikiwa imefungwa, msikubali mtu aitoboe.

Bati la chekeche limerudi na gasketi mpya na washa mpya za shaba. Nati zake sita ni ndogo na zinakazwa kidogo tu, nyutoni-mita 7. Bodi ni ya magnesiamu. Ukikaza kwa hasira unang'oa stadi. Ile stadi iliyovuja ilikuwa imeanza kulegea kabla hata ya tuta.

Jumatano ilikuwa ya tosheni baa, zile fimbo za chuma zinazojipinda kubeba gari mahali pa springi. Upande wa ndani zina meno 40, upande wa nje 44. Jino moja la ndani ni digrii 9, la nje ni digrii 8 na dakika 10 (digrii moja ina dakika 60). Ukipeleka ndani jino moja huku, na nje ukarudisha jino moja kule, unabaki na dakika 50, chini ya digrii moja. Ndiyo maana gari hupanda kidogo kidogo unavyotaka. Nilikwenda hatua nne kila upande, nyuma ikapanda sentimita 2.5. Kwa macho bado limelala, na bado linapendeza.

Nilimimina lita 2.5 kwanza, nikawasha, filta na hosi zikajaa, nikazima na kupima, nikaongeza. Jumla imeingia lita 3.3. Ni pungufu ya zile 4, na sijutii. Oili nyingi hailipozi gari, inachelewesha tu joto kupanda. Anayepoza ni feni na oilikula, kipoza oili kilicho kwenye boksi lake, na hapo mkanda na mabati ya kuziba upepo ndiyo ya kuangaliwa kila wiki. Filta ndiyo faida niliyoitaka zaidi, maana vumbi letu la kiangazi chekeche haliliwezi.

Leo asubuhi nimepanda hadi Isyonje na watu walewale sita. Taa ya oili haikuwaka hata kwenye kona ndefu. Tuta la Igawilo nimelivuka kwenda na kurudi, kimya. Nati ya oili sasa iko sentimita 17 juu ya lami gari likiwa tupu. Kilicho chini zaidi ni eksozi, sentimita 15, na kishikizo chake kimeoza upande wa kulia. Jumamosi nakichomelea.