Ubao haukuwa mkubwa, pezi ndilo lililokuwa kubwa

Leo umegeuka! Ubao uleule wa kuteleza kwenye mawimbi, wa futi 7 na inchi 2, ambao kwa miezi miwili nimeuita gogo, leo umekata kulia, ukapanda uso wa wimbi na kushuka tena bila kubishana nami. Naandika chumvi ikiwa bado mikononi.

Tatizo lilikuwa hili: nasimama vizuri, nakandamiza mguu wa nyuma, lakini mkia haung'oki, kama umepigiliwa msumari. Ubao unakwenda mbele tu mpaka wimbi linafunga, yaani linavunjika lote kwa pamoja. Nikaulaumu ukubwa. Nina kilo 72, ubao una ujazo wa lita 48 (lita zikizidi, unaelea zaidi), basi nikajiambia ni mkubwa mno. Nikaazima wa futi 6 na inchi 2, lita 33. Siku nne, mawimbi mawili! Kifua kinazama, maji yanapanda juu ya pua, napiga mikono hadi mabega yanawaka, na wimbi linapita chini yangu likiniacha palepale. Iliniuma sana. Kushuka lita 15 kwa mkupuo sikushauri kwa yeyote anayeteleza kwenye mawimbi ya kiunoni kama mimi. Punguza tatu au nne, usikilize mwili unasemaje.

Nikarudi kwenye ubao wangu, nikaulaza tumbo juu, nikachukua rula. Pezi la kati, lile bapa linalochomoza chini ya mkia na kushika maji: inchi 8. Pembeni yapo mawili madogo. Kipimo cha wazoefu ni kwamba ubao wa pezi moja huchukua takriban inchi moja kwa kila futi ya urefu. Ukiongeza ya pembeni, la kati unalipunguza kama inchi mbili. Yaani wangu ulihitaji inchi 5 hivi. Nilikuwa nimebeba pezi la ubao wa futi 8 usio na mapezi ya pembeni! Lilikuja na ubao nilipoununua mkononi, na sikuwahi kulitilia shaka.

La inchi 5 nililisukuma kwanza hadi nyuma kabisa ya mfereji, ule mwanya chini ya ubao ambamo pezi hufungwa. Nafuu, ila bado zito. Nikalileta mbele sentimita 3: mkia ukachomoka kwenye mgeuko wa kwanza kabisa chini ya wimbi, na wimbi lililofuata vilevile. Nikachora mistari ya penseli kando ya mfereji, kila nusu sentimita, nikarudisha nyuma sentimita moja tu. Ndipo leo. Sentimita moja! Pezi likisogea mbele linakaribia miguu na ubao unazunguka upesi; likirudi nyuma linashika na kunyoosha mwendo. Hilo nilikuwa nalijua kwa maneno, leo nimelijua kwa nyayo.

Kuhusu vifaa: kile kibati kidogo kinachoshika skrubu ndani ya mfereji kilianguka mchangani, nikakitafuta kwa vidole nusu saa huku mawimbi mazuri yakipita. Sasa natembea na vibati vitatu. Mapezi ya kubofya yasiyo na skrubu yanafungwa haraka, lakini yananinyima kusogeza, kwa hiyo nabaki na mfereji. Na pezi laini la plastiki sirudii. Linapinda pale pale unapolihitaji lishike.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kujaribu ubao wa futi 6 na inchi 8. Nimeuahirisha. Kuna wazo limenishika tangu mchana: kung'oa mapezi ya pembeni kabisa. Tom Blake, mtelezaji wa Marekani, alipofunga pezi kwenye ubao mwaka 1935 lilikuwa moja, na mpangilio wa mapezi matatu wa Simon Anderson, mtelezaji wa Australia, haukuja hadi 1980. Katikati hapo watu waliteleza miaka mingi kwa pezi moja, na nataka kuhisi walichohisi wao. Nimeazima la inchi 7. Limeshafungwa, mstari wa penseli wa katikati kabisa, na maji yanajaa alfajiri.