Mtu akisema "ongeza", angalia pleti kwanza

Jumamosi asubuhi nimetoka buchani na maini kilo moja na steki nusu, muuzaji ananijua akanitania, "Dokta leo una ugeni nini?" Nikamwambia wageni ninao sita ila hawatakula. Ni maintani wangu, madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya vitendo, na ile nyama ilikuwa inaenda kuchomwa kwa daiathermi, mashine ya umeme ya thieta ya kukatia na kuzuia damu. Kuna moja ya zamani imeshatolewa kwenye huduma, fundi wa vifaa tiba akaikagua akasema kwa mgonjwa hapana ila kwa ng'ombe inafaa, basi hiyo ndo shule yetu.

Mimi mwenyewe hii mashine nilijifunza kwa kuangalia wenzangu tu. Unakabidhiwa kalamu, unaambiwa njano inakata, bluu inazuia damu, haya endelea. Dakika moja umehitimu.

Nikiwa intani, hospitali siitaji, tulimfanyia mzee mmoja opaleshoni ya ngiri kwa ganzi ya mgongo. Pleti, yaani bamba la kurudishia umeme kwenye mashine, ilikuwa ile ya chuma ya kutumia tena na tena, inawekwa chini ya makalio ikiwa imefunikwa na gozi, kile kitambaa cha vidonda, iliyoloweshwa maji ya chumvi. Katikati ya kazi damu haizuiliki vizuri, mkubwa akasema ongeza, yaani nguvu ya mashine. Sista akatoa 30 akaweka 40. Bado. Ongeza. Tukafika 70 huko na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mashine iliyofanya kazi vizuri asubuhi kwa 30 leo hii inataka 70. Ngiri tukashona safi kabisa, tunamgeuza mzee kumhamisha ndo tunakuta gozi imekauka na kukunjamana upande mmoja, na kwenye kalio kuna duara jeupe lenye kingo nyeusi, ukubwa wa sarafu ya mia tano. Mwenyewe hakusikia kitu maana kuanzia kiunoni kushuka chini alikuwa na ganzi.

Kesho yake kwenye raundi nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, halafu akaniambia taratibu, "Mwanangu, mimi nilikuja na ngiri. Hili la nyuma mmenipa la nini?"

Sikuwa na jibu. Kidonda cha ngiri kilifunga mapema, cha kalio alikuja kukisafisha mpaka manesi wakamzoea kwa jina.

Baadaye nikakaa chini kusoma. Kwenye monopola, yaani hii ya kalamu na pleti, umeme unatoka kwenye mashine, unapita ncha ya kalamu, unaingia mwilini, unaelekea kwenye pleti, unarudi kwenye mashine. Kiasi kilichoingia ndo kilekile kinachotoka. Pale kwenye ncha umebanwa sehemu ndogo ndo maana unachoma, kwenye pleti umetawanyika eneo kubwa kwa hiyo ngozi haipati joto la maana. Sasa pleti ikigusa kwa kona tu, ile kona imeshakuwa kalamu ya pili, ila hii iko chini ya shuka hakuna anayeiona, na kila ukisema ongeza umeiongezea na yenyewe. (Anayeuliza mbona mgonjwa harushwi na shoti: umeme wa nyumbani unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, huu wa daiathermi unaanzia kama laki tatu, na ukishapita laki moja misuli na neva haviwahi kuitikia. Kuungua lakini unaungua kama kawaida.)

Kwa hiyo mashine ikionekana imechoka, mara nyingi kuna mahali umeme haurudi vizuri. Pleti imebanduka, waya umelegea, mgonjwa amesogezwa, au ncha ya kalamu imejaa mkaa wa nyama. Hayo unayaangalia kwanza.

Mashine za sasa zina pedi za kunata zenye vipande viwili, mashine inapima yenyewe kama zimeshika ngozi, zisiposhika inapiga kelele na kugoma. Nzuri sana, mpaka zikiisha stoo. Nimeshaona pedi ya kutumia mara moja imetumika mpaka gundi imekwisha, imeshikizwa na plasta pande zote nne kama bango la mgombea, na ile kelele watu wanaiona usumbufu.

Turudi kwenye nyama. Maini nikayalaza juu ya pleti nikampa kila mtu kalamu, nikawauliza kati ya njano na bluu ipi kali. Wote sita: njano, si ndo inakata! Nikawaambia jaribuni. Njano inateleza kwenye ini kama wembe, inaacha mstari safi. Bluu inatoa cheche, inarukia nyama kabla hata hujaigusa, inaacha jeusi. Bluu umeme wake unakuja kwa vipandevipande, muda mwingi umezimwa, kwa hiyo ule unaokuja lazima uje na volti kubwa zaidi, na volti kubwa ndo inayotoboa ganda la waya. Kwenye laparaskopi, upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, ufa mdogo tu kwenye ganda la kifaa, nje ya macho ya kamera, unachoma utumbo na hujui, unakuja kujua siku kadhaa mbele mgonjwa ana homa na tumbo gumu.

Kisha steki. Nikaikata ibaki finyango moja imeunganika na kipande kikubwa kwa kauzi kembamba ka nyama, kipande kikubwa kiko kwenye pleti. Nikaishika ile finyango kwa koleo pana, nikagusisha kalamu kwenye koleo. Wote wakawa wanaangalia koleo. Moshi ukatokea kwenye kauzi. Pakaanza kujikunja, pakawa peupe, harufu ya mishikaki chumba kizima, na pale nilipobana pako vilevile. Intani mmoja, binti mkimya sana, akasema polepole, "Tohara." Hakuna aliyecheka. Ndo maana kwenye tohara monopola haigusi, hasa kwa mtoto, umeme wote unabanwa kwenye shina jembamba na unaweza kuua uume mzima. Funga kwa uzi, au tumia baipola ambayo umeme unaishia kati ya meno mawili ya koleo.

Hapo wawili wakaanza kuiogopa mashine na sikutaka hivo, maana damu nayo inaua. Nikawapa habari ya Boston, 1 Oktoba 1926, Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo, anarudia uvimbe wa kichwani aliokuwa ameuacha siku chache kabla kwa sababu ya damu, safari hii yuko na mashine ya Bovie, daiathermi yenyewe hiyo, na uvimbe ukatoka. Hiki kifaa kimefanya yasiyowezekana yawezekane. Ila kina karibu miaka mia mikononi mwetu na bado tunakirithishana kwa mdomo. Hata Marekani, chama cha SAGES cha wapasuaji walipowapima viongozi wao wenyewe, 31% hawakujua wafanye nini moto ukimwakia mgonjwa mezani. Ndo wakatengeneza kozi yao ya FUSE yenye mtihani. Kwetu hospitali nyingi za wilaya anayepasua ni daktari wa kawaida au AMO (daktari msaidizi), na kozi yake ni ile ya njano na bluu.

Moto sikuuonyesha kwa vitendo, thieta sio yangu. Nilimwaga spiriti kidogo, ile ya kusafishia ngozi kabla ya kupasua, kwenye bakuli nikawaambia tusubiri ikauke, tuone. Dakika tatu. Watu wanahema, wanaangalia simu. Ni ndefu asee, hasa usiku ukiwa na mama anayevuja damu, lakini ile spiriti iliyotuama kitovuni au kulowesha shuka inawaka kwa mwali ambao chini ya taa za thieta huuoni, na kama usoni kuna oksijeni ndo kabisa.

Sista wa thieta alikuwa amesimama mlangoni muda wote, nadhani kwa sababu ya harufu. Jumatatu nimeingia nakuta amebandika plasta juu ya kile kitufe cha kuongezea nguvu, ameandika kwa kalamu ya wino PLETI? Jumatano mkubwa mmoja, sio wa kutaniwa, akasema ongeza. Sista akasema, "Dokta samahani, dakika moja," akainama akaingia chini ya shuka na tochi ya simu. Mkubwa kasimama kalamu juu, sisi kimya, mashine inalia ti ti ti, na kutoka huko chini tukasikia, "Waya umechomoka huku, nauchomeka."