Mji wa Kale ulipofungwa: tulivyolisha mtaa kwa chiti za dukani

Tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza kwamba kwa ajili ya korona Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi hakuna kuingia wala kutoka, maduka ya kwetu Kibokoni yalikuwa na mchele. Yalikuwa na unga wa ngano, sukari, mafuta, tambi na tende za Ramadhani. Kilichokosekana ni pesa mikononi mwa watu. Nalitanguliza hili kwa sababu kila aliyetaka kusaidia wakati ule aliwaza lori: lori la mahindi, lori la maharagwe, watu wapange foleni wapigwe picha. Sisi tulihitaji mtu wa kumlipia jirani yake pale dukani.

Wengi wa mtaa wetu hula kwa kibarua cha siku. Kuna mahamali, wavuvi, madereva wa tuktuk, walimu wa madrasa wanaoishi kwa ada ya wazazi, na kina mama wapishi: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi vya karai na bajia jioni. Kafyu ilikuwa imeshawaumiza tangu 27 Machi. Saa moja ya usiku kila mtu awe ndani, na biashara ya viazi ndipo hasa inapochangamka. Madrasa zilifungwa, misikiti ikafungwa, wageni wa Fort Jesus wakapotea. Kisha Ramadhani, mwezi ambao mama wa sambusa hutegemea kuliko miezi kumi na moja iliyobaki, ikaangukia katikati ya kufungiwa. Hamali aliyezoea kutoka alfajiri kwenda kupakua mizigo akawa kutwa yuko barazani, anatazama kizuizi cha polisi.

Mimi ni mhasibu, na kazini nilikokuwa walikuwa wametupa likizo isiyo na mshahara. Ndiyo sababu daftari nilikabidhiwa mimi. Kamati yetu ya kuwalipia majirani haikuwa na jina wala muhuri. Ilikuwa watu wachache wa vichochoro vinavyopakana, wengi wao wanawake.

Tarehe 10 Aprili sote tulikuwa tumeona kwenye televisheni watu wakikanyagana Kibera kwenye ugawaji wa chakula, na polisi wakirusha gesi ya kutoa machozi. Bi mkubwa mmoja wa kamati akasema, "Huku kwetu mtu atakufa na njaa yake ndani asitoke kusimama foleni." Alisema kweli. Watu wa Mji wa Kale wana haya ya kuonekana wakipokea, na msaada usiositiri huishia kwa wasio na haya, ambao aghalabu si ndio wenye shida zaidi. Mbali na hilo, kuwakusanya watu mahali pamoja wakati wa maradhi ya kuambukizana ni kuwalisha kwa mkono mmoja na kuwaua kwa mwingine.

Basi tukaandika chiti, yaani vikaratasi vya kuchukulia chakula dukani, kamati ikalipa. Kila chiti ilikuwa na nambari, tarehe, thamani na saini mbili. Jina halikuandikwa. Mtoto anatumwa dukani na chiti kiganjani kama anavyotumwa siku zote, anarudi na mfuko, na wapita njia hawajui kama mama yake amelipa au amelipiwa. Mwenye duka alikuwa na orodha ya nambari peke yake. Jioni ananitumia picha za chiti kwa WhatsApp, nalinganisha na daftari, namlipa siku hiyo hiyo kwa M-Pesa.

Pesa zilitoka kwa watu wa mtaa wenyewe walio na mishahara, na kwa ndugu zetu wa Dubai, Muscat, London na Toronto. Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya M-Pesa kwa anayetuma shilingi 1,000 kwenda chini, tangu katikati ya Machi. Tukawaambia walio nchini wasitume mafungu makubwa, watume elfu elfu. Utacheka, lakini ukijumlisha ada za mwezi mzima ni mifuko kadhaa ya mchele.

Ugumu wa kwanza ulitoka dukani. Nilimwendea mzee wa duka nikamwambia, "Ami, chiti hii isiingie kwenye deni la zamani. Mtu apewe chakula cha thamani yake yote."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, yule ana deni langu tangu Rajabu. Na mimi n'nakula wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kama hamali hana kazi na daftari la mkopo limejaa, duka nalo halina mtaji wa kuagiza. Maduka haya ndiyo yaliyokuwa yamewalisha watu kwa mkopo tangu Machi, kabla serikali, kaunti au kamati yoyote haijaamka, na hakuna aliyeyaandika kwenye takwimu za misaada. Tukakubaliana hivi: yeye anapokea fedha taslimu kila siku, bei anaiacha ilivyokuwa siku ya makubaliano, na madeni ya nyuma yanalala mpaka njia zifunguliwe. Mwenye duka mwingine alikataa, nasi tukamwacha kwa salama.

Orodha ndiyo iliyotutoa jasho. Tulianza na majina ya mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa ujirani wa usalama, na hayakuwa mabaya, ila yalikuwa ya wenye nyumba na jamaa zao. Wapangaji wa vyumba vya ghorofani, waliokuja kutoka bara kufanya uhamali au kuosha vyombo hotelini, hawakuwamo. Kwa hiyo wanawake wawili wawili wakapita kila kichochoro, barakoa usoni, wakizungumza kutoka mlangoni. Ukimuuliza mtu wa kwetu kama ana njaa, atakujibu alhamdulillahi. Bi mkubwa akawafundisha waulize, "Daku mmekula nini?" Anayejibu wali na mchuzi, unamwombea heri unaondoka. Anayejibu chai ya rangi, unauliza na jana yake. Chai ya rangi siku tatu mfululizo, anaandikwa. Kwa asiyefunga tuliuliza jana usiku kimepikwa nini. Siku hizi mashirika huja na dodoso la kurasa nyingi, na nimeyajaza baadhi yake. Sijaona swali lililotoa jibu la kweli kuliko lile.

Kulikuwa na maalim mmoja aliyesomesha nusu ya vijana wa mtaa. Madrasa imefungwa, ada hakuna, na mkewe mjamzito. Alipofikiwa alisema, "Mimi si mtu wa kuandikwa." Hatukumbishia. Siku ya pili tulimwomba atusaidie kugawa chiti za kichochoro chake na kutunza vishina, vile vipande vya chiti vinavyobaki kwa mgawaji, tukampa ujira kidogo wa kila wiki. Aliifanya ile kazi kwa uangalifu kuliko sisi sote. Vishina vyake havikupishana na daftari langu hata mara moja.

Ndugu wa nje walitaka tuwapangie vitu: mchele kiasi fulani, sukari kiasi fulani, maharagwe. Tulikataa, na kwa hili nilikorofishana na binamu yangu. Mwenye kisukari hataki kilo mbili za sukari. Anayenyonyesha anataka maziwa. Tulizuia sigara tu. Ushahidi wetu ulikuwa msaada uliokuja kwa lori kutoka kwa wahisani wa mbali, mahindi makavu na maharagwe makavu. Chakula kizuri, lakini maharagwe yale yanahitaji makaa ya asubuhi hadi adhuhuri, na aliyekosa pesa ya chakula amekosa ya makaa pia. Watu wakawa wanayabadilisha kwa jirani mwenye gesi, kikombe kwa kikombe. Tulipoona hivyo tukaongeza chiti ndogo ya makaa, na nyingine ya mitungi ya maji kwa muuza maji wa mkokoteni, maana mifereji yetu mnaijua.

Chakula kilichopikwa tulikiacha kwa wazee wanaoishi peke yao, na hicho kilipikwa na jirani wa mlango wa pili kwa kuongeza sahani moja. Sufuria kubwa huvuta watoto na mabakuli yao, na baada ya futari hukuwa na nafasi ya kuzunguka, kafyu inakusubiri.

Vitabu viligawanywa safu tatu: zaka, fitri na sadaka. Zaka ina wenyewe waliotajwa katika Kurani, nayo fitri, ile zaka ya kumaliza Ramadhani, kwa madhehebu yetu ni nafaka. Wapangaji wasio Waislamu walilishwa kwa safu ya sadaka, na thamani ya chiti zao ilikuwa ile ile. Mwaka ule watu wengi walituomba tuwakusanyie fitri, kwa sababu hawakuweza kuvuka kuwapelekea watu wao wa miaka yote. Tukachapisha chiti za rangi nyingine, za mchele mtupu, zikafika majumbani kabla ya Idi ya 24 Mei.

Lakini sehemu ambayo naona haizungumzwi vya kutosha ni upimaji. Maafisa wa afya waliweka vituo mtaani na watu hawakujitokeza. Nje ya Mji wa Kale walituita wakaidi. Muuza mahamri mmoja, mama wa watoto wanne, aliniambia waziwazi: "Nikachukuliwe karantini, hawa watakula kwa nani?" Hapo mwanzo waliowekwa karantini walidaiwa gharama zao wenyewe, na habari hiyo ilikuwa imeenea kila baraza. Mei serikali ikasema itagharimia walio kwenye vituo vya umma. Vizuri, lakini jiko la nyumbani lilibaki na swali lake. Tukapitisha neno kwa wale wanawake wa vichochoroni: nyumba yoyote ambayo mtu wake amechukuliwa, au ameambiwa ajitenge, inapata chiti siku hiyo hiyo bila kuulizwa daku, na mtu wa kuwaletea vitu mpaka mlangoni. Yule mama alikwenda kupimwa pamoja na dada yake. Siwezi kusema ni wangapi walikwenda kwa ajili hiyo, ila niliandika chiti za namna hiyo na najua watu wake walivyoogopa kabla.

Mapema Juni Mji wa Kale ulifunguliwa. Kazi haikurudi siku hiyo, kwa hiyo chiti ziliendelea kwa kupunguza, wapishi wakitoka kwanza, mahamali baadaye, walimu wa madrasa mwisho kabisa. Mfukoni kukabaki pesa. Binamu wa Toronto alitaka zinunue vyerehani, mradi wa kudumu, wenye picha. Kamati ikakaa kwa Bi mkubwa, madirisha wazi, na ikaamua zilipe sehemu ya madeni yale yaliyolala kwenye madaftari ya maduka, kuanzia na yaliyoandikwa Machi na Aprili. Nilipompelekea Ami hesabu yake, alinirudisha nikaongeze jina moja nililolisahau, la mtu mwenye deni kwa duka la jirani yake. Binamu hakufurahi. Risiti nilimtumia hata hivyo.